Bango la «Taksoni Saba» linalouzwa Bukavu: linunue, lakini funika kichwa chake

Kila masomo yanapokaribia kufunguliwa, wauza vitabu wa Nyawera na wale wa juu kule Kadutu hutandaza bango la biolojia lenye kichwa cha herufi nyekundu: TAKSONI SABA ZA VIUMBE HAI. Lipo kwa namna mbili. Ya kwanza ni karatasi ngumu iliyopakwa plastiki, ukubwa wa A1, yaani sentimita 59 kwa 84. Bei yake dola 6. Ya pili ni bashe, yaani turubai ya plastiki, ya A0, sentimita 84 kwa 119, dola 15. Zote mbili zinakuja na kijitabu cha kurasa 16 kinachoeleza asili ya maneno. Jina la mchapishaji halipo, wala mwaka wa toleo, na kwa kazi ya aina hii hiyo tayari ni kasoro: majina ya viumbe yanahama, na bango lisilo na mwaka haliwezi kumwambia mwalimu limesimama wapi.

Hata hivyo, kwa anayefundisha uainishaji katika shule ya sekondari, tunalipendekeza. Mabango mengine yanayopatikana mjini yanaonyesha mbwa mwitu na maua ya Ulaya. Hili lina safu tano za mifano ambayo mwanafunzi wa hapa anaijua kwa macho au kwa mdomo: samaki sambaza, gorila wa Kahuzi-Biega, okapi, maharagwe na mti wa kenkina, ule unaotoa dawa ya kwinini. Kila ngazi imeandikwa kwa Kilatini, Kifaransa na Kiswahili, na hilo ni la maana kwa kuwa Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inafanywa kwa Kifaransa ilhali maelezo mengi darasani yanaingia kwa Kiswahili. Shida ni kwamba kosa kubwa kuliko yote limekaa pale juu kabisa, kwenye herufi nyekundu.

Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi si taksoni. Hizo ni ngazi. Taksoni ni kundi lenyewe la viumbe, lenye jina lake, lililowekwa kwenye ngazi fulani. «Familia» ni ngazi. Giraffidae ni taksoni. «Oda» ni ngazi. Primates ni taksoni. Mtu wa Bukavu anaelewa haraka akifikiria utawala: «komini» ni ngazi, lakini Ibanda, Kadutu na Bagira ndizo komini zenyewe. Ukimwuliza mtu anaishi wapi akakujibu «naishi komini», bado hajakujibu. Basi mwanafunzi anayeulizwa ataje taksoni nne za okapi, akaandika himaya, faila, ngeli, oda, amejibu vivyo hivyo. Ngazi kuu ni 7 kweli. Taksoni hazihesabiki kwa vidole: spishi zilizokwisha pewa majina ni karibu milioni 2, na kila moja ni taksoni, kabla hujagusa jenasi wala familia.

Okapi huyohuyo wa kwenye bango angetosha kulieleza jambo hili kama kijitabu kingemtumia vizuri. Jenasi Okapia ina spishi moja tu inayoishi leo, Okapia johnstoni. Mnyama ni yuleyule, lakini taksoni ni mbili: moja kwenye ngazi ya jenasi, nyingine kwenye ngazi ya spishi. Kesho akigunduliwa okapi wa aina ya pili, taksoni Okapia itapanuka na taksoni Okapia johnstoni itabaki ilivyo. Anayedhani taksoni ni jina lingine la ngazi hawezi kuliona hilo hata ukimchorea kwenye tablo.

Kijitabu kinazidisha kosa kwa kusema neno «taxon» ni la Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa uainishaji, mwaka 1735. Hapana. Mwaka 1735 ni wa toleo la kwanza la Systema Naturae, kitabu chake cha kuainisha viumbe, na humo neno hilo halimo. Hata «taksonomia» lilitungwa baada ya Linnaeus kufariki mwaka 1778: ni la Augustin Pyramus de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Geneva, mwaka 1813. Aliliunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, taxis, mpangilio, neno lililotumika pia kwa safu za askari, na nomos, kanuni. «Taksoni» ni mtoto wa «taksonomia», siyo mama yake: mwaka 1926 Adolf Meyer wa Ujerumani alilikata neno hilo refu ili apate jina la kundi lolote la wanyama bila kujali ngazi. Mwaka 1948 Herman Johannes Lam wa Uholanzi akawapendekezea wataalamu wa mimea, na kongamano lao la kimataifa la Stockholm likalipokea mwaka 1950. Kabla ya hapo ilibidi kusema «kundi» na kumwacha msomaji akisie kundi la ngazi gani. Kwa wingi wanasayansi huandika taxa. Kwa Kiswahili inatosha «taksoni hii, taksoni hizi».

Kurasa za asili ya ngazi moja moja zina uzuri na ubaya uliochanganyika, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini.

Kwenye faila wameteleza vibaya. Kijitabu kinasema phylum linatokana na neno la Kigiriki la «jani», kisha kinaeleza kwa ufasaha kabisa jinsi viumbe wanavyotoka kwenye shina kama majani. Maelezo mazuri ya neno lisilo lenyewe. Jani kwa Kigiriki ni phyllon, lenye l mbili, ndilo lililomo ndani ya klorofili. Phylum limetoka kwa phylon, lenye l moja, maana yake kabila au watu wa asili moja. Ernst Haeckel ndiye aliyelitunga mwaka 1866, na alichotaka kusema ni kwamba wanyama wa kundi moja kubwa wana babu mmoja, kama kabila. Ukilibadilisha kuwa jani umeiondoa hoja yake yote. Safu ya Kifaransa inaandika «embranchement», na hiyo ni sahihi. Neno hilo la matawi ni la Georges Cuvier, 1812, na ni la zamani kuliko faila. Pengine mwandishi aliona matawi kwa Kifaransa akatafuta majani kwa Kigiriki. Kwa mimea wengine huandika divisio badala ya phylum, na kanuni za mimea zinakubali yote mawili. Bango limeandika phylum kwa maharagwe, na hakuna kosa hapo.

Jenasi ndiyo sehemu bora ya kijitabu kizima. Genus kwa Kilatini ni asili, ukoo, kizazi. Wingi wake genera. Lina udugu na genos la Kigiriki, na mzizi wao ni wa kuzaa. Kijitabu kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: wanaisimu huliunganisha genos hilo na jins la Kiarabu, lililopita katika Kisiria, na kutoka kwa Waarabu sisi tukapata «jinsi» na «jinsia». Kwa hiyo «jenasi» na «jinsi» ni ndugu waliofika kwetu kwa njia mbili, mmoja kwa meli ya Kilatini, mwingine kwa jahazi. Hapa palistahili ukurasa mzima, hasa kwa shule zetu, kwa sababu «genre» ya Kifaransa inamchanganya mwanafunzi: ni jenasi katika biolojia, ni jinsia katika sarufi, na mtaani ni «aina». Anayetafsiri «genre» kuwa «aina» hubaki bila neno akifika kwenye «espèce». Ushauri: «genre» iwe jenasi, «espèce» iwe spishi, na neno «aina» liachwe kwa mazungumzo. Aliyeifanya jenasi kuwa ngazi yenye maelezo yaliyonyooka ni Joseph Pitton de Tournefort mwaka 1694, kabla ya Linnaeus, na kijitabu kimempa haki yake.

Spishi ni species ya Kilatini, kutoka specere, kutazama. Maana ya kwanza ni sura, mwonekano, kile jicho linachokiona. Neno hilohilo la Kilatini ndilo lililozaa «espèces» za benki, yaani fedha taslimu, na «épices», viungo vya chakula. Bango linaandika «specie» kwa umoja na «species» kwa wingi. Futa. Kwa Kilatini umoja na wingi ni species, bila kupungua wala kuongezeka. Tofauti inaonekana kwenye vifupisho tu: sp. kwa spishi moja isiyotambuliwa, spp. kwa nyingi. Maelezo ya spishi yenyewe yanataja kizazi chenye rutuba, yaani watoto wanaoweza nao kuzaa, ambalo ni wazo lililoenezwa na Ernst Mayr mwaka 1942, lakini hayasemi kwamba kipimo hicho hakifai kwa bakteria wala kwa kiumbe chochote kisichozaa kwa kujamiiana.

Zilizobaki hazina mengi. Familia ni ya Pierre Magnol wa Montpellier, 1689. Kwa Warumi neno hilo lilikuwa watu wote wa nyumba, watumwa wakiwemo. Oda ni ordo, mstari au safu, na hapa Bukavu halileti matata kwa sababu hotelini tunatoa komande, siyo oda. Ngeli ni classis, fungu la raia au la jeshi. Mwanafunzi aliyekwisha zoea ngeli za nomino atalipokea bila shida. Himaya ndiyo tafsiri dhaifu kuliko zote: regnum ni ufalme, na «himaya» asili yake ni ulinzi. Lakini limeshazoeleka vitabuni, na kupigana nalo ni kupoteza muda. Bango lina himaya 5 za Robert Whittaker, 1969, na limeacha domeni tatu, ngazi iliyo juu ya himaya, za Carl Woese na wenzake, 1990. Kwa ukuta wa darasa la mwanzo tunalisamehe hilo. Kwa wanafunzi wa Biolojia-Kemia wanaokaribia kumaliza, hatusamehe.

Tukija kwenye safu za mifano, gorila ameandikwa «Gorilla Gorilla Graueri», familia Pongidae. Makosa matatu katika mistari miwili. Jina la spishi na la nususpishi huanza kwa herufi ndogo daima, hata likitokana na mtu kama Rudolf Grauer. Pili, zamani gorila wote walihesabiwa spishi moja, lakini leo ni mbili, wa magharibi na wa mashariki, na wa kwetu ni Gorilla beringei graueri. Tatu, Pongidae ni kabati la zamani la nyani wakubwa. Sasa gorila yumo Hominidae, pamoja na binadamu. Mwalimu ajiandae, maana hapo ndipo mikono inapoinuka.

Mabano nayo yamepotea kila mahali. Mabano ya jina la mwandishi si pambo. Kwa wanyama, jina la mwandishi likiwa ndani ya mabano lina maana kwamba alipoeleza spishi hiyo mara ya kwanza aliiweka kwenye jenasi nyingine. Okapi: (P. L. Sclater, 1901), kwa kuwa Sclater, akiwa na vipande vya ngozi tu mkononi, alimwita Equus johnstoni, yaani alimweka kwa farasi na punda milia. Mwaka huohuo Ray Lankester akamwundia jenasi Okapia. Gorila wa mashariki ni Matschie, 1903, bila mabano, kwa sababu Matschie alimweka Gorilla tangu mwanzo. Ukiondoa mabano umeondoa historia hiyo. Upande wa mimea desturi ni nyingine: maharagwe ni Phaseolus vulgaris L., herufi moja ya Linnaeus, bila koma na kwa kawaida bila mwaka. Bango limeandika «Linnaeus, 1753» kwa mtindo wa wanyama. Mwaka ni sahihi, ni wa Species Plantarum, ambako majina ya mimea yanaanza kuhesabiwa. Ya wanyama yanaanza kwenye toleo la 10 la Systema Naturae, 1758.

Familia ya maharagwe imeandikwa Fabaceae. Mwalimu aliyesoma Leguminosae kwenye vitabu vya zamani asidhani mmoja wao amekosea. Familia chache za mimea zina majina mawili yanayoruhusiwa na kanuni: Fabaceae au Leguminosae, Poaceae au Gramineae, Asteraceae au Compositae. Nje ya hizo chache, familia ya mimea inaishia kwa -aceae na ya wanyama kwa -idae. Ukiona Giraffaceae ukutani, piga kelele.

Kwenye kenkina bango limejaribu kuwa na akili kuliko kanuni. Limeandika «Chinchona». Ni kweli kwamba Linnaeus alilitunga jina hilo kwa heshima ya bibi wa Chinchón, mke wa mtawala wa Kihispania wa Peru, na ni kweli kwamba aliangusha h. Ila jina alilolichapisha ni Cinchona, na hilo ndilo lililobaki; jina la kisayansi halirekebishwi kwa sababu tu mwenye jina aliandikwa vibaya. Herufi moja imepotea tangu mwaka 1742 na itaendelea kupotea. Walichokosa kusema, na kingependeza sana darasani, ni kwamba kenkina na kahawa, mimea miwili ya vilima vya Kivu, zote ni za familia Rubiaceae.

Sambaza imeelezwa vizuri. Limnothrissa miodon, kutoka limne, ziwa, na thrissa, samaki wa baharini wa jamii ya dagaa. Kijitabu kinasema wazi kwamba si wa asili ya Ziwa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kinasema pia kwamba yule ambaye sisi tunamwita sambaza, huko Uvira yumo ndani ya jina «ndagala» pamoja na Stolothrissa tanganicae, ambaye ni jenasi nyingine kabisa. Hakuna mfano mwepesi kuliko huo wa kumwonyesha mwanafunzi kazi ya jina la kisayansi: sokoni jina moja linabeba samaki wawili, na samaki mmoja anabeba majina mawili. Familia imeandikwa Clupeidae, ilivyokuwa kwa miaka mingi. Orodha mpya za samaki zinamweka Dorosomatidae.

Sasa bango lenyewe kama kitu. Usinunue karatasi ya A1 kwa darasa kubwa. Majina ya Kilatini yana herufi za milimita 4, na kutoka dawati la mwisho hayasomeki. Plastiki yake inafunguka pembeni, unyevu wa msimu wa mvua unaingia, na karatasi inavimba kama mkate. Bashe inavumilia, lakini ina pete za chuma kwenye pembe nne tu, hivyo inalegea katikati na kukunja safu ya okapi. Pitisha ubao mwembamba wa sentimita 90 juu na mwingine chini, uibane kwa misumari midogo kila sentimita 15. Usiitundike mkabala na dirisha: nyekundu na njano hupauka kwanza, na ngazi zimetenganishwa kwa rangi hizohizo. Usiikunje pia, izungushe, upande wa maandishi ukiwa nje, maana mkunjo hupasua wino.

Kusahihisha ni kazi ya saa moja. Biki haishiki kwenye bashe. Andaa karatasi nyeupe ya kujibandika, kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, kitambaa na spiriti kidogo. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti kwanza, vinginevyo karatasi itabanduka ndani ya wiki. Acha dakika 5 ikauke. Anza na kichwa: kata ukanda wa kufunika neno TAKSONI tu, uandike NGAZI, na SABA ibaki ilivyo. Chini yake andika mstari mmoja, «taksoni = kundi lenye jina, katika ngazi yoyote». Kisha gorila, kenkina, «specie», na mabano ya okapi. Sambaza naye anahitaji mabano, (Boulenger, 1906). Majina ya jenasi na spishi yanatakiwa kuwa ya mlazo, na kwa mkono hilo halitoki vizuri, hivyo yapigie mstari chini. Ndiyo desturi ya maandishi ya mkono, na mwanafunzi atafanya hivyo hivyo kwenye kaye yake, yaani daftari. Wino wa kalamu hizi huchukua dakika moja kukauka. Ukiugusa kabla utapata wingu jeusi, na spiriti hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye kijitabu bandika karatasi mbili tu: ukurasa wa faila, na aya ya Linnaeus na 1735. Usikitupe, kurasa za jenasi na sambaza zinalipia nusu ya bei. Na kwenye familia ya sambaza, tumia penseli.